Uluguru, mlima unaoangaliwa kutoka chini

Mtu wa Morogoro haupandi Uluguru, anauangalia tu. Asubuhi huutupia jicho kujua kama leo atoke na mwavuli. Akimwelekeza mgeni, humwambia auelekee mlima kisha akate kulia. Picha za arusi zikipigwa, lazima mlima utokee nyuma ya bibi arusi. Wapo waliohamia mjini wakiwa vijana, wakajenga Kihonda, wakasomesha, wakastaafu, na siku zote hizo hawajawahi kupita juu ya ofisi za serikali kule mwisho wa Barabara ya Boma, mahali ambapo lami inakoma na mlima unaanza. Ukiwauliza kama wanaujua Uluguru watakushangaa. Kwani si huo hapo?

Sikatai, unapendeza kuangaliwa. Mji uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukuta ule wa kijani unainuka ghafla hadi kupita mita 2,100 kwenye kilele cha Lupanga na kile cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano. Kusini zaidi, mahali ambapo toka mjini hapaonekani, Kimhandu unapita mita 2,600. Hakuna vilima vya kukuandaa. Ni tambarare, nyumba za bati, kisha mlima. Ndiyo maana basi la kutoka Dar es Salaam likikaribia Msamvu, abiria wa dirishani huiacha simu kidogo.

Ila ukikiangalia kitu kutoka chini miaka nenda miaka rudi, unaanza kuamini kwamba unakijua, na ukishaamini hivyo hukawii kuanza kukitolea amri. Uluguru umepewa amri nyingi kutoka chini. Nitazifikia, maana zimo njiani.

Niliondoka Jumamosi moja ya Julai. Masika yameshapita, njia zimekauka, na baridi ya alfajiri inamfaa mtu wa kupanda. Nia ilikuwa kutoka mlangoni kwangu kwa miguu hadi kwenye jengo la zamani la Morningside, nisogee juu kidogo hadi ukingo wa msitu, na nirudi kabla ya magharibi. Peke yangu. Hilo la mwisho ndilo lililowasumbua watu. Jirani aliponiona na begi mgongoni aliuliza nakwenda wapi, akauliza nakwenda na nani, kisha akaniambia wazi kwamba mwanamke mwenye akili zake haendi porini bila mwenzake.

Sikumbishia, kwa sababu hofu yake ina msingi. Watu wameporwa kwenye vichochoro vya chini ya mlima, hasa wanaoshuka jioni wakiwa na kamera mkononi. Kwa hiyo nilifanya ambayo mtu yeyote anayekwenda peke yake angepaswa kuyafanya: nilimwachia mdogo wangu maelezo ya njia nitakayopita na saa ya kurudi, nikachaji simu na kuizima data, nikagawa pesa ndogondogo kwenye mifuko, na nikaondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, wakati ambao njia ina watu wengi kuliko mchana wote. Maji lita mbili, chapati, karanga, sweta, kitenge. Viatu ni raba zenye meno. Zile za kutembelea mjini zitakutupa kwenye mteremko wa kwanza wenye changarawe. Na nilikuwa nimeshaamua pa kuishia. Barabara ya Morningside ni njia ya vijiji, haina mwenyewe, lakini msitu ulio juu yake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, hekta zaidi ya 24,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuingia humo kuna kibali na kuna mwongozaji. Anayetaka Bondwa au Lupanga ajipange hivyo, tena aitengee siku nzima.

Sasa, porini. Neno la jirani yangu lilinichekesha kabla sijamaliza hata nusu saa, kwa kuwa njia ilikuwa imejaa kuliko daladala ya Mazimbu. Walikuwa wanashuka. Akina mama wenye mabeseni ya ndizi kichwani, kata zimekunjwa kwa khanga kuukuu. Vijana wenye magunia ya kabichi yaliyofungwa kwa kamba za katani. Bodaboda waliozima injini kuokoa mafuta, wanateleza kimya na matenga mawili nyuma, ukisikia tu breki zinalia kwenye kona. Wanafunzi. Mzee na mbuzi wake. Wote hao walikuwa wanawahi soko, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa napanda, tena mikono mitupu.

Hapo ndipo faida ya kwenda peke yako inapojitokeza, na sidhani kama wanaotembea kwa makundi wanaijua. Kundi lina mazungumzo yake. Watu wa njiani hulipisha, hulisalimia kwa mkupuo, na basi. Mtu mmoja hawezi kupishwa hivyohivyo. Mtu mmoja ni habari. Anasalimiwa, anaulizwa, anapimwa, na akijibu vizuri anapata mwenzi wa safari atake asitake.

Wangu nilimkuta amekaa juu ya jiwe akifunga upya mzigo wake: sukari, sabuni za mche, dumu la mafuta ya kula, vyote ndani ya kitenge. Umri wake ningeukadiria kwenye sitini. Alikuwa amelala mjini kwa binti yake, sasa anarudi kwake juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapanda kwa nani?"

"Sipandi kwa mtu, mama. Natembea tu."

"Natembea tu." Alilirudia polepole akinitazama begi, viatu, uso. "Hujafiwa?"

"Hapana mama, wote wazima."

"Haya. Maana watu wa mjini tukiwaona huku, tunajua pana msiba."

Nikamwomba nimsaidie dumu, akanipa bila kubembelezwa, na tukaenda pamoja. Alivaa yeboyebo za bluu zilizochanika ubavuni na kushonwa kwa waya mwembamba, na alipanda kwa namna ambayo nilihitaji muda kuielewa. Hatua zake zilikuwa fupi, nusu ya zangu. Hakupanda moja kwa moja. Aliikata barabara kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akiweka unyayo wote chini, kisigino kwanza, na hakusimama kupumzika hata mara moja. Mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Mimi niliyemaliza kipande cha kwanza kwa mbwembwe nilikuwa nahema mdomo wazi na jasho linaingia machoni. Akageuka. "Mwanangu, usiutazame mlima. Tazama visigino vyangu." Nikavitazama, na kweli, baada ya kona chache pumzi ikarudi mahali pake.

Mto Morogoro ulikuwa upande wetu, mara unasikika, mara unapotea chini ya migomba. Kwenye mabonde yenye maji watu wamepanda magimbi, majani yake makubwa yakiwa bado na umande. Juu yake maharage. Juu zaidi mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelazwa kukata mteremko. Na kwenye vipande vidogo vilivyosawazishwa kwa jembe, vingine si vikubwa kuliko kitanda cha sita kwa sita, stroberi. Wageni huwa hawaamini kwamba stroberi zinazouzwa kwenye vikopo pale mjini zimetoka kwenye mlima huuhuu na si kwa ndege. Baridi ya juu ndiyo inayoziwezesha. Ukishuka hadi mjini mmea huohuo unakauka.

"Hili la kwangu," mama alisema, akinyoosha kidevu kuonesha kipande chenye ndizi na viazi vikuu. Kisha akajisahihisha: la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake mzaa mama. Waluguru ni watu wa ukoo wa kikeni. Ardhi inapita kwa akina mama, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana kauli ambayo makabila mengine yangempa baba. Mumewe alikuja kuoa hapa kutoka ng'ambo ya mto. Alilima shamba la mkewe miaka yote, na alipofariki hapakuwa na ndugu wa mume aliyekuja kupima mipaka. Nimehudhuria kesi za mirathi za kutosha kama mwandishi kujua hilo lina thamani gani kwa mjane.

Tulipotokea kwenye mgongo mmoja wa mlima akanionesha upande wa pili wa bonde. Mteremko mzima ulikuwa na mistari, hafifu, ukiitafuta sana inapotea. Jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu, inaonekana. Nilimuuliza ni nini. "Matuta ya kuchimbishwa," akasema. "Mama yangu alikuwa anayasimulia."

Hii ndiyo amri ya kwanza niliyoahidi kuifikia. Baada ya Vita Kuu ya Pili maofisa wa kilimo wa Kiingereza waliutazama Uluguru wakaona mlima unaokwisha: watu wengi, miti michache, udongo unateremka na mvua. Hawakukosea katika hilo. Walichoamua kikawa Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na moyo wake ulikuwa matuta ya ngazi. Kila familia ichimbe, kwa amri, chini ya usimamizi, na asiyechimba atozwe faini. Shida ni kwamba udongo mzuri wa Uluguru kwenye sehemu nyingi ni mwembamba. Ukichimba ngazi pana kwenye mteremko mkali unaufukia ule mweusi na kuuleta juu ule mwekundu usiootesha kitu. Mtu alivunja mgongo kuchimba, akapanda, akavuna kidogo kuliko jirani yake mkaidi aliyeacha shamba lilivyo. Juu ya hayo ukaenea uvumi kwamba matuta ni alama, kwamba shamba likishachimbwa linachukuliwa na serikali. Kwa watu ambao ardhi ni ya bibi na mababu wa upande wa mama, uvumi huo ulitosha.

Mwaka 1955, huko Matombo upande wa mashariki, mambo yakapasuka. Watu walikusanyika kupinga, polisi wakaitwa, risasi zikapigwa na mtu mmoja akafa. Mpango ukasitishwa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na malalamiko ya namna hii, ya mkulima aliyeamriwa ashike jembe kwa manufaa asiyoyaona, ndiyo yaliyokipa chama hicho masikio vijijini. Historia tunayofundishwa shuleni ina mikutano ya Mnazi Mmoja na safari ya Umoja wa Mataifa. Naona hata huu mstari hafifu upande wa pili wa bonde ulistahili ukurasa.

Na si kwamba Waluguru hawajui matuta. Nenda Mgeta, kusini-magharibi mwa milima hiihii, ukaone mboga zinazoilisha Dar es Salaam zikiwa kwenye ngazi zilizopangwa kwa ustadi hadi kileleni mwa vilima. Huko wanalima karoti, kabichi na liki, mazao yenye bei, na kuna maji ya kumwagilia. Jasho la kuchimba linalipa. Tofauti ya Mgeta na Matombo iko kwenye hesabu ya mkulima, na hesabu hiyo haionekani ukiwa ofisini Morogoro mjini.

Tuliachana njia panda. Alinipa ndizi mbivu nne, nikajaribu kulipa, akaniangalia kwa namna iliyonifanya nirudishe noti mfukoni. "Ukiteremka upite usalimie," alisema, akashika njia ya kushoto kwa hatua zake zilezile.

Morningside yenyewe nisiisifie sana. Ni jengo la zamani la mawe ambalo wenyeji wanalihesabu kuwa la enzi za Mjerumani, limechoka, kuta zimeandikwa majina ya wapenzi. Mzungu alijua kuchagua mahali, hilo tumpe. Uko juu ya mita 1,000, hewa imebadilika, na mji wote umelala chini yako: mashamba na madarasa ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Mazimbu, ambako wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na shule yao ya Solomon Mahlangu toka mwishoni mwa miaka ya 1970, Bwawa la Mindu likimetameta kando ya barabara ya Iringa, na reli mpya. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na tangu hapo siku za mapumziko nawaona vijana wa Dar wakishuka na mabegi ya kupandia milima, mapya kabisa, bei bado imening'inia. Karibuni sana. Mkiweza, msiwashe spika.

Kutoka Morningside nilipanda tena kwa muda usiotimia saa moja, na hapo ndipo nilipokuwa peke yangu kwelikweli. Mashamba yalipungua, sauti za jogoo zikabaki chini, njia ikawa ya mtu mmoja. Na ghafla ule ukingo wa msitu: upande huu migomba na majani ya moto wa mwaka jana, upande ule msitu, bila kitu chochote katikati. Vigingi vya mpaka vimesimama lakini havihitajiki. Baridi inatoka mle ndani, unaisikia kwenye mikono kabla hujafika.

Nilikaa hapo nikala chapati na ndizi za mama. Sikuvuka. Msitu kama huu unaweza kuufaidi ukiwa umekaa ukingoni mwake, mradi unyamaze, na mtu aliye peke yake hana wa kumsemesha. Kima walipita juu ya miti, nikahesabu matawi yanayotikisika badala ya wanyama. Chozi akaja kwenye maua ya mgomba, akanyonya, akaondoka kabla sijatambua rangi zake, na siwezi kuapa kama alikuwa yule chozi wa Uluguru anayeitwa kwa jina la Loveridge, ambaye nje ya milima hii hapatikani. Yupo pia ndege mwingine, mgongo wa kijani na kichwa cheusi, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1927, na mpaka leo dunia nzima nyumba yake ni msitu wa Uluguru peke yake. Kwenye majani yenye unyevunyevu anaishi chura mdogo ambaye hatagi mayai. Anazaa watoto wakiwa vyura kamili, bila kupitia hatua ya ndubwi. Na kwenye majabali yenye kivuli kuna jamaa za lile ua dogo la zambarau linalooteshwa kwenye vyungu vya madirisha ya Ulaya, lililopelekwa huko kutoka Usambara mwaka 1892.

Kwa nini haya yote yamejazana hapa na si kwenye mlima mwingine wowote? Uluguru ni pingili moja ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kushukia Udzungwa. Mawe yake ni ya kale mno, na unyevu wa Bahari ya Hindi haukukoma kuyafikia hata zile zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikafa. Hapa msitu haukufa. Viumbe wakabaki, kila mlima na wake, wakageuka taratibu kuwa aina ambazo hazina ndugu kwingine. Pepo za bahari bado zinafanya kazi hiyohiyo: zinaupiga mlima upande wa mashariki, zinapanda, zinapoa, zinaangusha mvua. Ndiyo maana Kinole na Matombo kuna mdalasini na pilipili manga, huku upande wetu wa mji ukiwa mkavu zaidi. Si ajabu hata kidogo kwamba huko Kinole ndiko walikotawala wenye cheo cha Kingalu, watu walioheshimiwa kwa mambo ya mvua.

Na mvua hiyo ni maji yetu. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayotegemewa na Dar es Salaam. Mindu inalishwa na vijito vya upande wa magharibi. Vyanzo vidogo vya mjini kama Mambogo na Vituli vinashuka moja kwa moja kutoka huku. Mtu anayefungua bomba Kariakoo amefungulia Uluguru, ila yeye hata kuuangalia hawezi, uko mbali.

Ilipokaribia saa saba, ukungu ukashuka. Hauji kwa hodi. Kilele kilikuwepo, kikawa hakipo, kisha miti ya mbele ikafutika moja baada ya nyingine na shati likawa na unyevu bila tone la mvua. Nikavaa sweta, nikafunga begi. Mpandaji wa peke yake ana sheria moja ambayo haina mjadala, nayo ni kwamba ukungu ukianza kushuka, wewe unashuka kabla yake.

Kuteremka wengi hukuchukulia kuwa mapumziko. Magoti yangu yana maoni tofauti. Ule ufundi wa mama wa kukata barabara kwa mshazari unafaa zaidi hapa kuliko kupanda, na fimbo niliyookota ilinisaidia kwenye changarawe.

Chini ya Morningside nilimkuta mzee mmoja akimwagilia stroberi kwa mpira mweusi uliotoka moja kwa moja mtoni. Kitanda cha mwisho cha shamba lake na maji ya mto vilitenganishwa na hatua zangu tano, sita. Nikasalimia, nikanunua kikopo, tukaanza kuzungumza. Aliposikia naandika magazetini akafunga mpira kwa kuukunja, akaukalia.

"Basi umekuja kwa zile sitini," alisema.

Alimaanisha mita sitini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na kila kiangazi bomba za mjini zikianza kukohoa, au masika Mindu ikijaa tope, sheria hiyo hukumbukwa, magari hupanda, na watu kama mzee huyu huambiwa wang'oe. Hii ndiyo amri ya pili. Na tena msingi wake si wa uongo: tope lililopunguza kina cha Mindu limetoka mashambani, sikulitunga mimi. Lakini pima sitini kila upande kwenye bonde hili. Mto uko katikati, kuta zinapanda kwa ukali, na kipande pekee kinachoweza kulimwa bila mtu kujifunga kamba kimo ndani ya kipimo hicho. Juu ya hapo ni mwamba, na juu ya mwamba ni hifadhi.

"Baba, wakikuambia uhame utakwenda wapi?"

"Nitahama usiku nirudi alfajiri," alijibu, na wala hakucheka.

Nilimwambia kuhusu jaribio la Kibungo Juu, ambako mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima wanaozuia mmomonyoko, fedha zikichangwa na wanaoyatumia maji kule chini. Mkulima alipanda miti na kuweka kinga za udongo shambani, akalipwa kwa eneo alilolitunza. Alinisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea. Aliuliza walilipwa shilingi ngapi, na kama ililingana na stroberi. Ni maswali ya haki, na nadhani ndiyo yaliyopaswa kuulizwa mwaka 1950. Mimi nimeshafika upande wangu: mji unaokunywa unapaswa kulipa, hata kama ni kidogo, kabla ya kutuma gari.

Mzee hakuwa na haja na msimamo wangu. Alikuwa na lake. "Mwanangu, mambo ya sitini waachie wenyewe. Wewe andika barabara."

"Niandike nini baba?"

"Andika ilivyo."

Basi ndivyo ilivyo. Chini kidogo ya shamba lake, kwenye kona ambayo barabara inajikunja kurudi upande wa mji, maji ya masika yamechimba mfereji katikati, kina chake kinanifikia magotini. Gari la kawaida halipiti. Bodaboda akifika hapo anashusha gunia la kabichi, anavusha pikipiki kwa kuisukuma, anarudi kulibeba gunia mgongoni, analifunga tena, kisha anaendelea. Kwa kazi hiyo anaongeza nauli, na masika anaiongeza mara mbili. Anayelipa ni mwenye kabichi, na kabichi ikichelewa ikafika sokoni jua limepanda, mnunuzi anaikata bei palepale. Nilisimama hapo nikila stroberi zangu, nikawaona vijana wawili wakifanya zoezi hilo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao alinikubalia nishike usukani wakati wao wanabeba gunia.